Kabla ya Kumwambia Nenda, Muulize Yuko Wapi

Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikaichambua muundo wake na maana yake mbele ya wanafunzi, wala haikupata kunikosesha usingizi hata usiku mmoja. Siku hizi inanikosesha. Baada ya majuma 3, Mungu akipenda, natazamiwa kusimama ufuoni mwa bahari, kaskazini mwa Mombasa, pamoja na watu ambao wengi wao ni vijana kunishinda, ili tuogelee kilomita 1.9, tupande baiskeli kilomita 90, kisha tukimbie kilomita 21.1 juani, yote hayo katika siku moja. Nguo nimekwisha kuvua: ada nimelipa, jina limeandikwa, na jamaa zangu wamekwisha kuarifiwa. Lililobaki ni kuoga. Nami, kusema kweli, siko tayari.

Mchezo wenyewe huitwa traiathloni, neno lenye asili ya Kiyunani ambalo kiini chake ni "tatu" na "shindano". Katika Michezo ya Olimpiki, ambako uliingizwa mwaka wa 2000 mjini Sydney, masafa yake si marefu sana: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10. Masafa yale marefu yanayowatisha watu yalianzia Hawaii, katika kisiwa cha Oahu, mnamo Februari 1978. John Collins, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, pamoja na mkewe Judy, walitoa wazo la kuunganisha mashindano matatu yaliyokuwako kisiwani humo yakawa moja: kuogelea kilomita 3.9, baiskeli kilomita 180, na marathoni nzima juu yake. Watu 15 walianza, 12 wakamaliza. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mimi nimejiandikisha kwa nusu ya masafa hayo, na nusu hiyo yanitosha na kunisaza.

Msomaji asidhani kwamba nilijitosa kwa pupa. Nilikuwa na miezi 6 na ratiba niliyoibandika ukutani. Lakini nilizaliwa katika milima ya Ukambani, ambako mto kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na maji ni kitu cha kuchimbua kisha kuteka kwa kata, si kitu cha kujitupa ndani. Kuogelea nilijifunza nikiwa na umri wa miaka 44, nikishika ukingo wa kidimbwi pamoja na watoto wa darasa la pili ambao walinipita baada ya juma moja. Miezi miwili ya kwanza ya ratiba yangu ilikwenda vyema. Kisha yakaja ya dunia: karatasi za mtihani zaidi ya 400 za kusahihisha, malaria iliyonilaza kitandani majuma mawili, na mikutano ambayo kila mmoja ulizaa mwingine. Juma lililopita nilifungua daftari langu kufanya hesabu. Nilikuta kwamba sijapata kuogelea zaidi ya kilomita 1 kwa mfululizo, yaani kukikata kidimbwi cha mita 25 mara 40. Siku ya shindano natakiwa kuogelea umbali ulio sawa na mara 76, na bahari haina ukingo wa kushika kila baada ya mita 25. Kwa baiskeli nimefika kilomita 60. Kwa mbio, 15.

Hata hivyo, upungufu huo sio ulionisukuma kushika kalamu. Kijana anayetufundisha kuogelea aliniuliza siku moja, kwa adabu zote, "Mwalimu, umewahi kuogelea umbali gani bila kushika ukingo?" Nikamjibu bila kusita, "Inakaribia kilomita 2." Ulikuwa uongo mtupu. Nilimdanganya mtu pekee ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba sizami, na nilimdanganya kwa wepesi ulionishangaza mwenyewe. Nilipokuwa nikivaa viatu vyangu nikajiuliza: wepesi huu nimeutoa wapi?

Jibu sikulitafuta mbali. Nimeutoa darasani. Kila mwalimu wa nchi hii anaujua wimbo huu. Mwalimu anamaliza kueleza jambo gumu, anageuka ubaoni, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Walioelewa wanaitikia, na wasioelewa ndio wanaopaza sauti zaidi. Mimi niliitikia hivyo tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu. Baadaye nikawa ndiye ninayeuliza, nami nikaridhika na jibu lile lile, kwa kuwa lilinipa ruhusa ya kufungua ukurasa unaofuata. Tumelelewa tukiamini kwamba kukiri upungufu ni aibu, na kwamba anayekiri ataambiwa mojawapo ya mambo mawili: "U mvivu," au "Jikaze, nenda tu." Hapana anayemuuliza amefika wapi.

Nayasema haya nikiwa mkosaji. Mwaka uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alikuja ofisini mwangu siku chache kabla ya kuitetea tasnifu yake. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akasema, "Daktari, naomba tuahirishe. Sijisikii tayari." Nilikuwa na rundo la karatasi mezani na gari la kupeleka kwa fundi. Nikamwambia, "Binti yangu, hakuna mtu aliyewahi kuwa tayari. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nenda." Akaenda. Watahini walimuuliza juu ya sura ya nne, na mbele ya watu wote alisimama kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, sembuse kwake. Akatakiwa kuandika upya sura mbili. Tulipokutana tena alizungumza nami kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma: "Daktari, sikutaka kukimbia. Sura ya nne ndiyo iliyokuwa haijakaa sawa, na nilitaka mtu anionyeshe ni wapi. Hukuniuliza nilikuwa nimefika wapi. Uliniambia niende tu." Nilimjibu kwa maneno ya kiutu uzima ambayo sasa nayaonea haya.

Ni ajabu kwamba mtu wa isimu alihitaji kukumbushwa na mwanafunzi wake jambo ambalo lugha yenyewe hulisema kila siku. Tuitazame kauli "niko tayari". Tunapotaja sifa ya mtu, aghalabu tunatumia "ni": mimi ni mwalimu, yeye ni mrefu, wao ni wakaidi. Lakini kwa utayari hatusemi hivyo. Twasema "niko tayari", kwa kiambishi kile kile cha mahali tunachokitumia tunaposema "niko Kisumu" au "niko njiani". Neno lenyewe "tayari" tumelipokea kutoka lugha za mashariki, na halikubali hata kuvishwa viambishi vya ngeli zetu: mwalimu tayari, chakula tayari, vitabu tayari. Tulilolifanya sisi Waswahili ni kulipa mahali pa kukaa. Katika sarufi yetu, utayari ni mahali mtu alipo. Hautajwi kama tabia yake. Anayesema "siko tayari" hajasema kwamba yeye ni mjinga au mwoga. Amesema kwamba bado hajafika mahali fulani. Na mtu ambaye hajafika, swali la kiungwana la kumuuliza ni moja: umefika wapi?

Najua jibu litakalotolewa na wasomaji wengine. Watasema kwamba ulimwengu haukujengwa na watu waliongoja kuwa tayari. Watanitajia wale 15 wa Hawaii, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepata kuyafanya mashindano yale kwa kuwa yalikuwa hayajapata kuwako. Watanitajia pia Julie Moss. Huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo huko California aliyeingia katika shindano la Hawaii mnamo Februari 1982 kwa ajili ya utafiti wa tasnifu yake kuhusu mwili na mazoezi. Aliwaongoza wanawake wote hadi karibu na mwisho, kisha miguu ikamwishia. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Hatua chache kabla ya utepe, Kathleen McCartney akampita na kutwaa ushindi. Moss akatambaa kwa mikono na magoti hadi akauvuka mstari, na picha hizo za televisheni ziliutangaza mchezo huu kuliko tangazo lolote la kulipiwa.

Nami kisa hicho nakipenda. Lakini tukisome chote. Moss alitambaa juu ya nchi kavu. Ardhi ilimbeba. Mtu akiishiwa na nguvu katika mbio, hukaa kando ya njia akanywa maji. Akiishiwa katika baiskeli, hushuka akaisukuma. Majini hakuna kutambaa. Lugha yetu inalijua hilo pia, maana aliye majini hasemi tu "niko". Husema "nimo", yaani amezungukwa pande zote. Tena wale 15 wa mwaka wa 1978 hawakwenda peke yao. Kila mmoja alitakiwa awe na wasaidizi wake wa kumfuata na kumpa chakula na maji. Ilisimuliwa kwamba maji yalipowaishia wasaidizi wa John Dunbar, aliyekuwa wa pili, walimpa bia, naye akamaliza akiyumbayumba. Ushujaa wao ulikuwa na watu nyuma yake. Na wale watatu ambao hawakumaliza walirudi nyumbani wakiwa wazima, jambo ambalo si dogo.

Watafiti wa Marekani waliyachunguza mashindano ya traiathloni yaliyofanyika nchini mwao kati ya mwaka wa 1985 na 2016, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 2017. Walikusanya visa 135 vya vifo na vya mioyo kusimama ghafla. Kati ya hivyo, 90 vilitokea katika kuogelea. Wastani wa umri wa waliopatwa ulikuwa takriban miaka 47, na asilimia 85 walikuwa wanaume. Ni kweli kwamba visa hivyo ni vichache mno vikilinganishwa na mamilioni walioshiriki. Havifiki viwili katika kila washiriki 100,000. Hata hivyo, mimi ni mwanamume, nina umri wa miaka 47, na sehemu niliyoidanganyia ni ile ile ya kuogelea. Niliposoma takwimu hizo niliiweka karatasi mezani nikatoka nje kupunga hewa.

Labda msomaji ataniambia kwamba majuma 3 ni muda, nikaze mwendo. Hapa pia wanafunzi wanisikilize, hasa wale wanaoukaribia mtihani wa kitaifa kwa kukesha na chupa za soda. Mwili haujibu zoezi siku ile ile. Stamina hujengeka polepole, kwa majuma mengi ya kuchoka kidogo na kupumzika. Ndiyo sababu wenye ujuzi hupunguza mazoezi katika majuma mawili au matatu ya mwisho, wala hawayaongezi. Nikijaribu kuyafidia sasa yale ya miezi minne, nitafika ufuoni nikiwa na upungufu ule ule, na uchovu juu yake. Akili nayo haiko mbali na mwili katika hili: anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huingia chumbani na mambo machache aliyoyaongeza na usingizi mwingi alioupoteza.

Basi nifanyeje? Jumamosi moja nilisafiri hadi Mtwapa nikakae na mvuvi mmoja mzee ambaye nilielekezwa kwake na rafiki. Nilimweleza habari yangu yote, na kwa kuwa hakuwa mwalimu wangu wala mwanafunzi wangu, nilimweleza kweli. Alinisikiliza huku akiushona wavu. Kwanza akaniuliza kama siku hiyo itakuwa ya bamvua au ya maji mafu, maana wakati wa bamvua bahari ya huko hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wa mlangoni mwa hori hauna mzaha. Sikujua, nilikuwa nimekariri kilomita, sikutazama mwezi. Kisha akasema, "Kuogelea wajua, bwana mwalimu. Ukichoka, utashika nini?"

Swali hilo nilirudi nalo Nairobi. Nilipozisoma kanuni za mchezo kwa makini nikakuta kwamba mwogeleaji aliyechoka anaruhusiwa kushika boya au mtumbwi wa waokoaji apumzike, mradi asiutumie kusonga mbele. Miezi yote hiyo nilikuwa nadhani kwamba kushika ni kushindwa. Walioweka kanuni walikwisha kujua kwamba watu watachoka, wakaweka kitu cha kushika kila baada ya umbali fulani.

Juma hili nilimwendea yule kijana wa kidimbwini nikamwambia ukweli: kilomita 1, si 2. Hakucheka. Alichukua kalamu akaandika. "Sasa tunajua tulipo," akasema. Tumekubaliana hivi. Siku 10 kabla ya shindano nitaogelea mara 76 bila haraka mbele ya macho yake. Nikifika, nitakwenda Mombasa. Nisipofika, nitakwenda vilevile, lakini kushangilia wenzangu na kuwapa maji. Kwa mwendo wangu wa sasa, kilomita 1.9 zitanichukua takriban saa moja, na kwa kawaida mashindano ya masafa haya hutoa dakika 70 kwa kuogelea na saa 8 na nusu kwa yote. Nafasi ipo, ingawa ni nyembamba. Nitaogelea nyuma ya wengine, upande ulio karibu na mitumbwi. Baiskeli nitaipanda kwa mwendo wa kuongea, na mbio nitazikatiza kwa kutembea. Na kama moyo utanienda mbio majini kwa namna nisiyoielewa, nitainua mkono. Nimemwahidi mke wangu hivyo, naye ameniapisha.

Kwa hiyo methali yetu siitupi. Maji nimeyavulia nguo na nia yangu ni kuyaoga. Nilichogundua ni kwamba wahenga hawakusema tuogee kilindini, wala hawakusema tuoge peke yetu, wala hawakumkataza mtu kuuliza kwanza kina cha maji. Hayo tuliyaongeza sisi wakubwa, kwa kuwa kumwambia mtoto "nenda" hutuchukua sekunde moja, na kumuuliza amefika wapi huweza kutuchukua alasiri nzima.

Nawasihi walimu wenzangu, hasa msimu huu wa mitihani, tuliache swali la "mmeelewa?" ambalo jibu lake tunalijua kabla ya kuuliza. Tuulize, "Umefika wapi? Ni wapi palipokukwamia?" Tena tuulize kwa namna ambayo mtoto hatapata hasara kwa kusema kweli. Anayeogopa kusema "siko tayari" hatatoweka; atatafuta njia nyingine ya kuonekana tayari, na njia hizo tunazijua, kwa kuwa kila mwaka tunalalamika kuhusu udanganyifu katika mitihani kana kwamba uliletwa na upepo. Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu awe mwema ndipo mseme. Jueni mlipo kwa hesabu, mada kwa mada, kama mimi nilivyolazimika kuhesabu kidimbwi kwa mita 25. Mtu anayejua kwamba amefika 40 kati ya 76 ana jambo la kufanya kesho asubuhi. Anayejidanganya kwamba amefika hana.

Jana nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu. Nilimwomba radhi, akanyamaza kidogo, kisha akasema si neno. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwaka jana: "Sura ya nne, umefika wapi?" Alizungumza kwa karibu saa nzima. Nilishika kalamu, nikaandika.